Bao la mvule, mashimo 32: shajara ya drili na kasi yake

Jumatatu, 3 Februari

Wazee wa baraza moja la Majengo, Pumwani, Nairobi, wanataka bao jipya. La zamani limepasuka katikati. Ufa umekata mashimo matatu, na kete zikitupwa humo zinakwama. Babu aliyeleta kazi alivuka mwenyewe kutoka Majengo hadi kibandani kwangu Gikomba, bao kwapani, limeviringishwa kwenye kikoi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalifungua juu ya benchi langu.

"Mwanangu, nataka hili hili, ila lisilopasuka. Na nilipate kabla mwezi haujaandama."

Ni mwezi wa Ramadhani anaousema. Baada ya tarawehe ndipo baraza lao hujaa, na bao lisipokuwapo watu hutawanyika mapema.

Nimelipima. Safu 4, mashimo 8 kila safu, jumla 32. Upana wa shimo ni milimita 55 kwa makadirio, kwa kuwa mengine yana 52 na mengine 58: lilichongwa kwa tezo na bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo. Kina ni milimita 25. Mashimo mawili yana pembe nne, nayo ndiyo nyumba, moja ya kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya ndani. Mchezo wa bao la Kiswahili unaanzia hapo: kete 6 ndani ya nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 zilizobaki ziko mkononi. Ndizo 32 za kila mmoja, 64 kwa wote wawili.

Babu alisisitiza jambo moja, nami nimeliandika kwa wino mwekundu: mashimo yawe sawasawa. "Mkono unacheza usiku," alisema. "Jicho liko kwa mwenzio."

Basi nitatoboa kwa drili ya kusimama, kisha nitazungushia sakafu za mashimo kwa bobari.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata mvule. Ulikuwa kaunta ya duka lililobomolewa, umekauka miaka mingi, mzito hadi tukaubeba wawili. Baada ya kuranda nimebaki na unene wa milimita 50, upana 320, urefu 720. Kimesalia kipande cha urefu wa mkono mmoja hivi, nacho nimekiweka kando kwa majaribio. Ninapopata mbao ya namna hii siigusi kwa biti kabla sijajua biti itafanya nini.

Biti nimenunua mpya, ya Forstner, milimita 55. Aliyezoea biti bapa ataiona ngeni. Ni kama kikombe kifupi kilichopinduliwa: ukingo mkali kuizunguka, makali mawili ya kukwangua sakafu, na ncha ndogo katikati. Inaongozwa na ukingo wake zaidi ya ile ncha, ndiyo maana ukuta wa shimo hutoka laini na sakafu hutoka bapa, na hata ukitoboa nusu shimo pembeni mwa ubao haikimbii. Benjamin Forstner, fundi wa bunduki wa Marekani, ndiye aliyeibuni na kupata hataza yake mwaka 1874. Kitu kile kile kinachoipa uzuri wake, ule ukingo mrefu unaogusa mbao muda wote, ndicho kinacholeta joto.

Jumatano, 5 Februari

Jaribio la kwanza kwenye mukima, mbao laini ambayo wengine huiita grevilia. Mkanda unaoizungusha biti niliuweka kwenye hatua ya kasi ya chini kabisa ya drili, ambayo karatasi iliyogandishwa ndani ya kifuniko inasema ni mizunguko 620 kwa dakika. Mashimo sita, yote mazuri. Hakuna moshi. Nikalala nikiwa na amani.

Alhamisi, 6 Februari

Leo mvule umenionyesha kwamba mukima haukunifundisha lolote.

Kipande cha majaribio nimekifunga kwa klampu mbili, mkanda ule ule, biti ile ile. Milimita tano za mwanzo ziliingia vizuri. Kisha sauti ikabadilika. Badala ya mkwaruzo mzito ikawa mluzi mwembamba unaopanda. Kilichotoka shimoni hakikuwa maranda tena. Kilikuwa unga wa kahawia, mlaini kama kahawa iliyosagwa, na juu yake uzi wa moshi. Nikaogopa kusukuma. Nikapunguza mkono, nikaishusha biti polepole, nikidhani naihurumia. Shimo moja lilichukua dakika moja na nusu.

Nilipoiinua biti, ukuta wa shimo ulikuwa na pete nyeusi inayong'aa. Nikapitisha ukucha: mgumu, mtelezi, kama kioo cha makaa. Gundi haiwezi kushika hapo, msasa unateleza, na bobari inaruka. Mbaya zaidi ilikuwa biti yenyewe. Sehemu ya ukingo wake, upana wa punje ya mchele, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Biti hii ni ya chuma cha kaboni. Chuma hicho kikipata rangi ya buluu kimefika kama nyuzi 300 za Selsiasi, na ugumu wake hapo umeshuka. Makali yatakufa upesi na kuyanoa hakurudishi kilichopotea. Biti ya siku mbili tu.

Nilifunga kibanda saa kumi. Niliona uchungu kweli, kwa sababu niliisikia sauti ikibadilika na mkono wangu ukafanya kinyume cha ilichokuwa ikiniomba.

Jumamosi, 8 Februari

Leo sikutoboa kitu. Nimekaa na kalamu, kipimio cha vipenyo na drili iliyofunguliwa kifuniko, na naandika yote kwa urefu maana hapa ndipo kazi ilipokuwa imefichwa.

Tunapotaja kasi ya drili tunataja mizunguko kwa dakika. Mbao haijui mizunguko. Inachojua ni jinsi makali yanavyopita juu yake, na katika biti pana makali ya ukingoni yanasafiri mbali sana kuliko ya katikati. Zidisha kipenyo kwa 3.14, upate njia ya ukingo katika mzunguko mmoja. Kwa biti ya milimita 55 ni sentimita 17 na kitu. Zidisha kwa mizunguko 620, unapata mita 107 kwa dakika. Yaani kila dakika niliyokuwa nimeishikilia biti kwenye mvule, ukingo wake ulikuwa ukikimbia urefu wa uwanja wa mpira, ukisugua njia nzima. Biti ya milimita 10 kwa mizunguko hiyo hiyo haifiki mita 20. Ndiyo maana drili hii haijawahi kuniletea taabu kwenye mashimo ya skrubu na vigingi.

Kisha nikaanza kuishuku ile 620. Drili yangu ni ya zamani, ilikuja kwa kontena kutoka Marekani, na karatasi yake iliandikwa kwa umeme wa kule, wa hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde. Mota ya asili ya kule huzunguka mara 1,725 kwa dakika. Mimi niliinunua ikiwa imeshabadilishiwa mota, na hii ya sasa ina kibati kinachosema volti 240, hezi 50, mizunguko 1,440. Mota za aina hii hufuata hezi za umeme. Zikiwa hezi 50 badala ya 60, kila namba kwenye ile karatasi inashuka hadi tano kwa sita yake.

Nikapima puli, yale magurudumu yenye hatua yanayobeba mkanda. Hatua ndogo ya mota ina milimita 50, hatua kubwa ya shafti ya biti ina 140. 1,440 mara 50 gawa kwa 140 ni 514. Ili nisijidanganye nikaazima kipima mizunguko kwa jirani anayesuka mota upya. Unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye shafti, unaielekezea taa yake, namba inatokea. Ikasoma 509. Hiyo tofauti ndogo ni mkanda kuteleza.

Kwa hiyo hata mvule ulipoungua sikuwa kwenye 620, nilikuwa karibu na 510, na ukingo ulienda kama mita 88 kwa dakika. Bado ni nyingi. Yapo majedwali ya maseremala yanayoweka biti za Forstner zinazozidi milimita 35 kwenye mbao ngumu katika mizunguko 250. Ukiikokotoa, 250 kwa biti yangu ni mita 43 kwa dakika, chini ya nusu ya nilivyokuwa nikienda.

Ila kasi ni nusu tu ya makosa yangu. Nusu ya pili ilikuwa mkono. Dakika moja na nusu kwa mizunguko 510 ni mizunguko 765. Kina ni milimita 25. Gawa: kila mzunguko biti ilishuka milimita 0.03, na kwa kuwa ina makali mawili, kila kali lilikata nusu ya hapo. Karatasi ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi. Nilikuwa naiambia biti ikate kitu chembamba kuliko karatasi mara sita. Kali haliwezi kuingia katika kitu chembamba namna hiyo. Linapanda juu na kusugua. Ule unga ulikuwa ushahidi, nami niliutazama bila kuusoma. Maranda yanapotoka mazito yanaondoka na sehemu ya joto. Unga unaliacha joto lote shimoni.

Jumanne, 11 Februari

Jirani, kwa nia njema kabisa, aliniambia nifunge regulator ya feni ya dari kwenye waya wa mota, nipunguze stima, na drili itapoa mwendo. Namheshimu sana, lakini nilimkatalia na nikamweleza sababu. Mota hii inaongozwa na hezi. Ukiipunguzia volti bila kugusa hezi, inapoteza nguvu ya kuzungusha kabla haijapoteza mwendo wa maana. Ukiitia mzigo inalegea, inavuta umeme mwingi zaidi, inachemka, na waya wake wa ndani unaungua. Kuna vifaa vya kubadilisha hezi zenyewe, lakini kwa mota ya kawaida ukishusha mwendo sana feni yake ya nyuma nayo inazunguka polepole, mota inakosa upepo.

Puli haina shida hizo. Mota inabaki kwenye mwendo wake, inapata upepo wake wote, na kila ukipunguza mizunguko kwa nusu nguvu ya kusokota inakuwa karibu mara mbili. Biti pana kwenye mvule inataka hasa hiyo nguvu ya kusokota.

Nimechora puli ya kati. Mkanda wa mota kutoka hatua ya 50 unaingia puli ya 125, na mizunguko inashuka hadi 576. Kwenye shafti hiyo hiyo ya kati kuna puli ndogo yenye hatua mbili, 60 na 85. Ya 60 inaendesha ile ya 140 ya shafti ya biti: 576 mara 60 gawa kwa 140 ni 247. Ya 85 inaendesha hatua ya 115: 426. Nimechagua vipimo hivyo makusudi, maana 60 na 140 jumla yake ni 200, na 85 na 115 nayo ni 200, hivyo mkanda mmoja unatosha kwa kasi zote mbili.

Nimepanda matatu hadi Kariobangi Light Industries na kumwachia fundi wa lethi, mashine ya kukereza, michoro. Alumini, na sehemu ya kati itoboke milimita 17 kwa shafti itakayokaa kwenye beringi 6203 mbili. Mikanda nimeipata Kirinyaga Road wakati wa kurudi.

Alhamisi, 13 Februari

Stima imepotea tangu asubuhi. Nimenoa patasi.

Jumatatu, 17 Februari

Puli zimekuja, zimekerezwa vizuri, mfereji wa mkanda unang'aa. Nimezifunga kwenye bamba la chuma la milimita 6 linalozunguka kwenye boliti moja, ili nikilivuta mikanda yote miwili ikaze pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa tatu, nyingi zikiwa za kupanga puli zikae kwenye mstari mmoja. Rula ndefu ya chuma ikigusa nyuso za puli zote bila kuacha mwanga, umefika. Ukiacha puli moja imetoka hata milimita mbili, mkanda unajila pembeni na drili inatetemeka, na biti pana huonyesha kutetemeka huko kwenye ukuta wa shimo kama mawimbi.

Kipima mizunguko: 243.

Nimefunga kifuniko. Puli nne na mikanda miwili usoni mwa mtu si mchezo, na kijana ninayemfundisha kazi ana mazoea ya kuvaa shati la mikono mirefu. Nimemwambia leo, na nitamwambia kesho.

Jumanne, 18 Februari

Biti nyingine. Ile iliyogeuka buluu nimeiweka rafu ya juu, itatoboa mukima. Safari hii nimechukua yenye meno ukingoni. Kwa biti pana ni bora zaidi kwa mbao ngumu: ukingo uliokatwa meno haugusi mbao mfululizo, unasugua kidogo na kutoa unga wake nje, kwa hiyo haupati joto upesi. Ukuta wa shimo hauwi laini kama wa ukingo mzima, lakini mimi nitapitisha bobari na msasa.

Kipande cha majaribio, kando ya lile shimo lililoungua. Nikawasha.

Jambo la kwanza ni ukimya. Kwa mizunguko 243 unaweza karibu kuyafuata meno kwa macho. Kijana aliniuliza kama drili imeharibika. Nikashusha mkono, nikasukuma kwa nguvu ambayo Alhamisi ile nisingethubutu, nikausikia mvule ukikubali. Sauti ikawa nzito na ya chini, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali sufuriani, na haikupanda. Halafu yakatoka maranda. Mazima, mapana, yamejikunja, rangi ya dhahabu upande mmoja na kahawia upande wa pili. Yalijaa juu ya kipande hadi yakamwagika. Nikaokota moja na kuliweka kwenye kipimio: milimita 0.15. Kila nilipofika milimita nane nikainua biti, kijana akapuliza shimo, nikarudi. Maranda yakijazana chini ya biti yanazungushwa bure na kuzalisha joto, hata ukiwa na kasi sahihi.

Muda wa kukata peke yake, bila kuinua, ni sekunde 21. Alhamisi ile mizunguko ilikuwa zaidi ya mara mbili na kazi ikachukua zaidi ya mara nne ya muda huu.

Nikagusa biti kwa kidole baada ya kuzima. Vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Ukuta wa shimo: rangi ya mvule tupu.

Nikajaribu pia kusukuma kidogo kwa kasi hiyo ndogo, ili nijue. Unga ukarudi, na harufu ya kuungua kwa mbali. Kasi ndogo haisaidii mkono mwoga. Na nikajaribu 426: ilikata, lakini kuelekea mwisho wa shimo ule mluzi ulianza. Hiyo nitaiwekea biti za milimita 30 hadi 35, ambazo kwa mizunguko hiyo ukingo wake unaenda mita 40 hadi 47, karibu sawa na hii ya 55 inavyoenda sasa.

Jumatano, 19 Februari

Mashimo 16 leo.

Nimefunga ubao mnyoofu nyuma ya meza ya drili uwe kizuizi. Uzuri wa bao ni kwamba safu zake nne zinalingana pande zote mbili, kwa hiyo ukipanga kizuizi mara moja unatoboa safu ya kwanza, unaligeuza bao kichwa kuwa mkia, unatoboa ya nne. Ukisogeza kizuizi mara moja tu unapata ya pili na ya tatu. Umbali kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine ni milimita 70.

Biti inazunguka kama saa ukitazama kutoka juu, na ikinasa itataka kuuzungusha ubao vivyo hivyo. Upande wa kushoto wa ubao utarushwa nyuma, upande wa kulia utarushwa kwako. Hapo kizuizi cha nyuma ndicho kinachokuokoa, kinapokea ule msukumo wa kushoto. Hata hivyo nimeweka klampu kwa kila shimo. Inachosha, kufunga na kufungua mara 32. Biti ya milimita 55 ikinasa kwenye mbao ya kilo saba, mikono miwili ya mtu si kitu.

Barakoa muda wote. Vumbi la mvule linawasha pua na ngozi, na mara hii tulikuwa tunalitengeneza kwa debe.

Alhamisi, 20 Februari

Shimo la 23, safu ya tatu, karibu na kichwa. Biti ilikuwa imefika milimita kumi na tano ikiimba vizuri, mara ikapiga kitu. Kelele fupi kali, kama kijiko kinachokwangua sahani ya udongo. Niliinua mkono papo hapo.

Katika ukuta wa shimo palikuwa na mshipa mweupe wa kijivu, urefu wa kidole kidogo. Mafundi wakongwe wa Gikomba wanasema mvule una mawe, na ni kweli: mti huu hujiwekea chokaa ndani ya mbao yake, kalisi kaboneti, mara nyingine punje, mara nyingine bonge. Kijana hakuamini kwamba jiwe linaweza kuwa ndani ya mti bila kuingizwa na mtu. Nikamtuma kwa mama wa chakula aombe kipande cha ndimu. Tukadondosha matone mawili juu ya ule mweupe, tukainama. Ukatoa povu, viputo vidogo vidogo vikipanda na kupasuka. Matone tuliyodondosha pembeni, kwenye mbao tupu, yalikaa kimya.

Meno mawili ya biti yamekuwa butu. Nimeyanoa kwa tupa nyembamba upande wa ndani wa ukingo, na makali ya sakafu kwa kijiwe. Upande wa nje wa ukingo hauguswi kamwe. Ukiupunguza, ukingo unakata shimo dogo kuliko mwili wa biti ulivyo, na biti itabana na kuungua hata uiendeshe taratibu namna gani. Kwa kasi ya awali lile jiwe lingeyachukua meno yote. Kwa 243 nilikuwa na nafasi ya kusikia na kuinua.

Nimemaliza 32 saa kumi na moja jioni. Hakuna hata moja lililoungua.

Jumamosi, 22 Februari

Bobari siku nzima. Biti ya Forstner inaacha kona kali pale ukuta unapokutana na sakafu, na kete ikilala konani vidole haviichoti. Nimezungusha kila sakafu iwe kama bakuli. Pale palipotoboka kwa ncha ya katikati ndipo nilipoanzia kila mara, maana ndipo chini kabisa. Nyumba mbili nimezipa pembe nne kwa patasi na kuzishusha milimita tatu zaidi, kwani katika mchezo kete hujilimbikiza humo. Msasa wa 80, 120, 180.

Jumatano, 26 Februari

Mafuta ya kitani yamekauka. Nimelibeba mwenyewe hadi Majengo.

Babu aliliweka magotini kabla ya kuliweka mkekani. Alifumba macho na kupitisha vidole vinne katika kila shimo la safu ya ndani, moja baada ya jingine, bila haraka, wenzake wakimtazama. Alipofika kwenye shimo lenye mshipa wa chokaa alisimama, akarudi nyuma shimo moja, akaenda tena.

"Hapa pana nini?"

Nikamweleza, nikamwambia naweza kupachimba na kupaziba kwa gundi na unga wa mvule, pasijulikane.

"Usiguse," alisema. Akamwaga komwe kutoka mfukoni, akaweka sita katika nyumba, mbili, mbili, akanyanyua uso kumtafuta wa kucheza naye.

Jioni nimerudi kibandani nikabandua karatasi ya zamani ndani ya kifuniko cha drili. Mpya nimeiandika kwa mkono, kwa namba zangu mwenyewe: 243 na 509 nilizozipima, 426 niliyoikokotoa, na hatua tatu za juu ambazo sijazipima na nimeziachia nafasi. Jumatatu naanza miguu ya meza ya mninga, mashimo ya milimita 40. Nitaanzia 243.